Grabu ya taya mbili kwenye ekskaveta: mwongozo kamili, kuanzia kupima mashine mpaka kushusha shimoni

Wakuu, naandika hii kwa ajili ya opereta, mafundi na wenye mashine wanaotaka kuweka grabu ya taya mbili, wengine wanaiita klamusheli, kwenye ekskaveta ya kawaida ya tani 20 hivi, zile ambazo saiti nyingi za Bongo ndo zipo. Watu wengi wanaanzia kwenye grabu yenyewe, wanaona picha, wanauliza ni kyubiki (mita za ujazo) ngapi, wananunua, afu ndo wanakuja kuangalia mashine inaweza nini. Inatakiwa iwe kinyume, mashine ndo inachagua grabu. Ukilishika hilo mengine yote yanakaa sawa.

Kwanza, unaihitaji kweli?

Baketi ya kawaida inachimba kwa kuvuta, lazima upate nafasi ya kuleta stiki (mkono wa mbele unaoshika baketi) upande wako. Ukiwa na shimo la mita 2 kwa 2 lenye kuta za zege, hiyo nafasi huna. Grabu inashuka wima ikiwa wazi, inauma, inafunga, inapanda wima. Kwa hiyo kazi zake ni mashimo membamba na marefu, visima vya ringi, chemba za pampu za maji machafu, mashimo ya nguzo, mitaro iliyojaa mchanga katikati ya kuta mbili, kuchota mchanga chini ya maji, na kupakia mizigo ya kumwaga kama mbolea, ngano, klinka (malighafi ya saruji). Hapa Dar kwenye mabonde kama Jangwani au maeneo ya karibu na bahari unakutana na maji mapema tu, na udongo wa chini ya maji baketi inaukoroga tu badala ya kuubeba, grabu inaubeba.

Ila kama kazi yako ni msingi wa kawaida, mtaro wa bomba mahali pa wazi, au udongo mgumu kama murram iliyokauka, baki na baketi. Grabu ni ya taratibu zaidi, na kwenye ardhi ngumu haina nguvu ya kung'oa ambayo baketi inayo.

Kitu kimoja cha kutenganisha mapema, yale magrabu makubwa unayoyaona bandarini Dar na Mombasa yakining'inia kwenye kreni za meli mengi ni ya kamba za waya, yanafunguka na kufunga kwa kamba. Hayo hayafungwi kwenye ekskaveta. Tunazungumzia ya haidroliki, yenye silinda yake.

Hatua ya 1: chagua aina ya taya kwa mzigo

Ya kuchimbia ina meno, taya zake nyembamba, bati nene, na silinda zenye nguvu. Ya kupakia mizigo ya kumwaga haina meno, mdomo umenyooka, taya pana na kubwa. Ukichukua ya kupakia ukaenda kuchimbia udongo wa mfinyanzi utakunja mdomo, na ukichukua yenye meno ukapakie ngano utavuja njia nzima. Kwa mawe makubwa na vyuma chakavu hata usihangaike na taya mbili, kuna ile ya makucha manne au matano, hiyo ndo yake.

Kwa kazi ya maji hakikisha taya zina matundu ya kutolea maji, bila hivyo unapandisha pipa la maji na mchanga kidogo chini yake.

Afu kuna namna ya kushikiliwa. Ya kuning'inia inakaa kwenye hanga (kishikio cha juu) yenye pini mbili zilizopishana, inacheza pande zote na muda wote inakaa wima yenyewe. Hii ndo nzuri kwa mashimo marefu na kupakia. Ya kukaza inashikwa na pini zote mbili za baketi kwa hiyo unaweza kuielekeza na kuisukuma chini kwa nguvu ya bumu (mkono mkubwa wa mashine). Kwa udongo mgumu kidogo hii ya pili inafanya vizuri, maana ya kuning'inia inategemea uzito wake wenyewe kuzama.

Hatua ya 2: piga hesabu ya uzito

Hapa naomba usiruke. Tafuta chati ya kunyanyua ya mashine yako, ipo kwenye kitabu cha opereta na mara nyingi kuna stika ndani ya kebini. Chati inasoma kwa umbali kutoka katikati ya mashine na kwa urefu, na ina namba mbili, ya mbele na ya ubavuni. Soma ya ubavuni kwa sababu ndo ndogo na ndo utakapokuwa unamwagia. Namba za chati zinazofuata ISO 10567 (kiwango cha kimataifa cha uwezo wa kunyanyua wa ekskaveta) tayari zimeshapunguzwa, ni asilimia 75 ya uzito wa kupindua mashine au asilimia 87 ya uwezo wa haidroliki, ile iliyo ndogo. Ukiona namba ina nyota pembeni maana yake hapo haidroliki ndo inaishiwa kwanza, isiyo na nyota maana yake mashine itapinduka kabla haidroliki haijashindwa. Hiyo ya pili ndo ya kuogopa, kwa sababu leva haikupi onyo lolote, mashine inanyanyua vizuri tu afu traki ya nyuma inaachia ardhi. Usichukulie asilimia hizo kama akiba ya kuchezea, ardhi ya saiti haijanyooka kama iliyotumika kutengenezea chati, na grabu ikiyumba uzito unaongezeka.

Angalia pia chati inasema baketi imo au haimo. Kama imo, uzito wa baketi unaoitoa unaurudisha kwenye hesabu.

Sasa mfano. Tuseme utamwagia ukiwa mita 7, chati inasema tani 3.2 ubavuni bila baketi. Grabu ya kyubiki 0.6 ina kilo 1,000, hanga na rotetа ya kuizungusha, kilo 250. Mchanga uliolowa ni kama tani 2 kwa kyubiki moja, kwa hiyo 0.6 mara 2 ni tani 1.2. Jumla tani 2.45, umebaki na nafasi nzuri. Sasa chukua grabu ya kyubiki 1, yenyewe kilo 1,400, rotetа zile zile 250, mchanga tani 2. Jumla tani 3.65. Imezidi zile tani 3.2. Na hiyo grabu ya kyubiki 1 muuzaji atakwambia inaingia kwenye mashine ya tani 20, na ni kweli pini zitaingia.

Kwa mizigo mepesi hesabu inabadilika, ngano na mahindi ni kama tani 0.75 kwa kyubiki, makaa ya mawe kama 0.85, kwa hiyo huko kyubiki 1 inaweza kukaa vizuri kabisa. Ndo maana swali la kwanza ni unabeba nini. Kama mashine moja itafanya kazi zote, pigia hesabu mzigo mzito kuliko yote.

Kina nacho kina mipaka. PC200-8 kwa mfano (ekskaveta ya Komatsu ya tani 20 hivi) inachimba mpaka mita 6.6 kwa baketi, lakini kwenye ukuta wima ni chini ya hapo, karibu mita 6. Ukitaka zaidi kuna nguzo za kurefusha zinazoingia kati ya stiki na grabu, au mashine ya bumu refu, au stiki ya teleskopu ambayo inafika mita 20 na zaidi. Kila mita unayoongeza inakula uzito, rudi kwenye hesabu.

Hatua ya 3: oili, hapa ndo hela inapotea

Grabu inahitaji oili iende pande zote mbili, kufungua na kufunga. Mashine nyingi zinazokuja huku mtumba zina laini ya nyundo ya kuvunjia mawe, na mwenye mashine anasema "laini ipo". Laini ya nyundo ni ya upande mmoja, oili inaenda kwa presha, inarudi moja kwa moja tenki kupitia filta kwa presha ndogo. Ukiunga grabu hapo itafunga na haitafunguka, na ukilazimisha presha iingie kwenye njia ya kurudi unapasua filta au mpira (hosi) wa kurudia. Kwa hiyo angalia kama kuna valvu ya kuchagua upande mmoja au pande mbili. Kwenye monita ya PC200-8 kuna modi ya B ambayo ni ya nyundo na modi ya ATT kwa vifaa vingine, grabu ni ATT. Mashine nyingine zina menyu yake ambapo unachagua kifaa, unaweka floo (kiasi cha oili kwa dakika) na presha.

Kama huna laini ya pande mbili, kuna njia ambayo mafundi wengi wanaitumia kwa grabu ya kuning'inia na mimi naikubali kabisa. Silinda ya baketi haina kazi tena maana grabu inaning'inia yenyewe. Basi unachukua oili ya silinda ya baketi, unaipeleka kwenye grabu. Unatoa silinda nzima pamoja na linki zake (na uzito unapungua), unaunga mipira mipya pale juu kwenye stiki ilipokuwa inaingia silinda, unaishusha kama mita 3 mpaka kwenye grabu. Ile leva uliyozoea kukunjia baketi sasa inafunga taya, kufungua baketi inafungua taya. Opereta hahitaji kujifunza kitu kipya na laini ya nyundo inabaki, unaweza kuitumia (itazungusha upande mmoja tu) kwa rotetа. Angalizo ni kwamba laini ya baketi inatoa presha yote ya mashine, karibu bar 350 na kuendelea, kwa hiyo soma kibati cha grabu, kama inaruhusu bar 250 lazima uweke valvu ya rilifu (inayoachia presha ikizidi). Kama huitoi silinda, irudishe ndani yote, izibe kwa plagi za chuma za presha, sio kwa tambara na waya, na uifunge isicheze.

Rotetа ndo inayozungusha grabu ili mdomo ukae sambamba na ukuta. Kwenye shimo la mraba huwezi kufanya kazi bila hiyo, kona zote zinabaki. Mota yake ni ndogo, mara nyingi inataka lita chini ya 40 kwa dakika wakati laini ya mashine inaweza kumwaga mara kadhaa ya hapo. Weka valvu ya kupunguza floo. Na kama mota ina tundu la tatu dogo, hiyo ni laini ya dreni, inapelekwa tenki moja kwa moja peke yake, bila kuungwa kwenye laini ya kurudi na bila kuzibwa kabisa. Oili sili ya shafti inaruka ndani ya siku moja ukiiziba, nimeona mafundi wazuri tu wanaiziba kwa sababu mpira wa tatu haukuwepo dukani. Subiri mpira.

Mipira nayo. Duka likikuuzia mpira wa nyaya mbili wa nusu na robo, ile milimita 19, umeandikwa 2SN, huo ni wa bar 215. Mashine yako ni bar 350. Unachotaka ni wa nyaya nne za mzunguko, 4SH wa milimita 19 unabeba bar 420, wa milimita 25 unabeba bar 380. Maandishi yapo ubavuni mwa mpira, soma mwenyewe kabla haujakatwa. Acha urefu wa kutosha ili stiki ikifunguka yote na grabu ikizunguka mpira usivutike, ila usiache kitanzi kinachoning'inia maana kitakwama kwenye ukuta wa shimo. Vika kava ya kulinda sehemu zinazosugua.

Hatua ya 4: kufunga

Kabla gari halijaleta grabu saiti pima pini na upana wa stiki mdomoni. Pini ya baketi ya PC200 ni milimita 80, na mashine nyingi za tani 20 ziko hapo hapo, lakini pima kwa kalipa, usiulize kwa simu. Kukiwa na nafasi ubavuni jaza kwa shimu za chuma, usiache grabu inacheza kushoto kulia, itakula bushi.

Siku ya kufunga paki mahali pa tambarare, grabu isimame yenyewe chini imefungwa, isiegemee kitu. Shusha bumu, zima injini, washa swichi bila kuwasha injini, chezesha leva zote mara kadhaa utoe presha, fungua mfuniko wa tenki taratibu. Ndo uanze kufungua mipira. Futa kila mdomo kwa kitambaa safi kisicho na nyuzi, plagi ikitoka mpira uingie hapo hapo. Mchanga kidogo ukiingia unaenda moja kwa moja kwenye valvu kuu na pampu, na bei ya pampu unaijua. Kama grabu ni mtumba, toa oili yake ya zamani kwanza, usiichanganye na yako.

Weka pini ya juu kwanza, grisi kwenye pini na bushi, lock ya pini na bolti yake. Usipange matundu kwa kuingiza kidole, hata kidogo, tumia taa na mtaimbo.

Hatua ya 5: kutoa hewa na kupima

Washa injini iende silensa (mwendo wa chini kabisa), fungua na kufunga taya nusu nusu kwanza, usifike mwisho. Hewa ikibanwa kwa presha kubwa ndani ya silinda inaunguza sili. Fanya hivyo mara kumi hivi, afu nenda mwisho kwa mwisho, afu zungusha rotetа pande zote. Zima, angalia oili kwenye kioo, itakuwa imeshuka kwa sababu mipira na silinda zimejaa, ongeza ile ile inayotumika.

Kuangalia kama kunavuja tumia kipande cha boksi, pitisha karibu na mpira. Mkono usiweke kabisa. Oili ya bar 350 ikitoka kwenye tundu dogo inapita kwenye ngozi, kidonda kinaonekana ka alama ka sindano na mtu anaona sio kitu, baada ya saa chache mkono unaweza kukatwa. Ikitokea ni hospitali muda huo huo, na waambie madaktari ni oili ya presha imeingia ndani.

Mwisho nyanyua grabu na mzigo nusu mita toka chini, ukiwa mita 7, uache dakika kadhaa. Taya zikifunguka zenyewe kidogo kidogo au bumu ikishuka, kuna sili au valvu imechoka. Usiende shimoni hivyo.

Hatua ya 6: kuchimba

Kwanza mashine yenyewe. Traki zielekee shimo, usipaki ubavu kwa shimo, na mota za kutembezea ziwe nyuma ili ukingo ukianza kukatika urudi nyuma haraka. Kwa shimo lisilo na kuta za kushikilia na udongo wa mchanga, mimi naacha umbali sawa na kina. Kama haufiki kwa umbali huo, basi shimo linahitaji kuta kwanza.

Leta grabu juu ya shimo, simama, subiri iache kuyumba, ndo ushushe. Opereta wa baketi wanakosea hapa kwa sababu wamezoea mwendo mmoja wa haraka. Ukizungusha mashine kwa ghafla grabu inaendelea mbele peke yake, inagonga ukuta, na bolti za beringi ya mzunguko ndo zinazobeba pigo. Zungusha taratibu, na karibu na mwisho punguza kabla.

Shuka taya zikiwa wazi kabisa. Zikigusa, endelea kushusha bumu kidogo wakati zinafunga, maana taya zinapokutana zenyewe zinajisukuma juu na zisiposhindiliwa zinakwangua tu. Sikiliza injini, ikianza kuzama taya zimeshaumana au zimekutana na jiwe. Kama ni jiwe fungua, zungusha nyuzi 90, uma tena. Usipige grabu chini kama nyundo na usiitumie kubomolea ukuta wala kusukumia kifusi kwa ubavu, haijatengenezwa kwa nguvu ya ubavu.

Kwenye visima vya ringi chimba katikati kwanza, afu pembeni kwa kuzunguka sawa pande zote, ringi ishuke yenyewe kwa usawa. Ukila upande mmoja ringi inalala na kuinyoosha tena ni kazi kubwa kuliko kuchimba. Na kama ni mchanga wenye maji, usivute maji yote na pampu ukidhani unasaidia. Maji ya nje yanakuwa juu kuliko ya ndani, yanasukuma mchanga kutoka chini, unachimba siku nzima na kina hakiongezeki huku ardhi ya nje inatitia na nyumba za jirani zinapata nyufa. Acha maji ndani yawe usawa wa maji ya nje au juu kidogo, uchimbe ndani ya maji. Grabu inaweza, ndo faida yake.

Ukitoka majini simama kidogo pale juu ya maji, yamwagike, uzito unapungua na tipa haitatapakaza tope barabarani. Kwenye mfinyanzi usiivute kwa ghafla, tope linanyonya, itikise kidogo pande mbili kwanza.

Kwa kupanga magari, chukua mzunguko mmoja sekunde 45, saa yenye dakika 50 za kazi ni mizunguko kama 66, grabu ya 0.6 ikijaa asilimia 80 ni kyubiki 32 hivi kwa saa. Ukienda chini zaidi sekunde zinaongezeka. Hiyo ni tipa mbili za kyubiki 16, usilete kumi zikae foleni.

Watu

Hakuna mtu shimoni grabu ikiwa inafanya kazi. Anayesafisha kona anasubiri grabu itoke, ilazwe chini pembeni, injini izimwe, ndo ashuke kwa ngazi, na kabla hajashuka hewa ya shimo ipimwe hasa kwenye chemba za maji machafu, gesi ya humo inaua hata anayeshuka kumwokoa wa kwanza. Weka mtu mmoja tu wa ishara, opereta amsikilize huyo peke yake, kwa sababu shimo likishapita mita 3 opereta haoni chini. Juu angalia nyaya za TANESCO, naacha si chini ya mita 6 kutoka ncha ya bumu, na kama haiwezekani umeme uzimwe na wenyewe. Vifaa vya kunyanyulia vinakaguliwa na OSHA (wakala wa usalama na afya mahali pa kazi), kuwa na karatasi kabla hawajafika.

Matunzo

Grisi kwenye pini zote kila zamu, ya ndani ya maji kila baada ya saa 4 au 5 maana maji yanaisukuma nje. Piga grisi mpaka ya zamani itoke na mpya ionekane. Bolti za beringi ya rotetа kaza kwa torki renchi baada ya saa 10 za kwanza, afu kila saa 50 mwanzoni. Ikikatika moja badilisha zote, na usirudishe za zamani. Filta ya oili ya kurudi badilisha baada ya saa 50 za kwanza toka ufunge, hata kama muda wake haujafika. Mdomo ukilika chomelea bati gumu la kuzuia kulika, afu angalia taya zinakutana kote. Kwa mchanga nafasi kidogo sio mbaya, kwa ngano karatasi ngumu isipite.

Ukinunua mtumba

Iangalie ikiwa imening'inia, sio imelala kwenye gari. Shika taya moja uitikise, mchezo mkubwa kwenye pini maana yake bushi zote na pengine matundu yameshakuwa yai, hapo ni kazi ya laini-boring (kutoboa matundu upya kwa mashine) na hela yake. Angalia nyufa kwenye masikio ya silinda na pale hanga inapoungana, rangi mpya sehemu moja tu ni ya kukwangua uone chini kuna nini. Zungusha rotetа kwa mkono, inatakiwa iwe na ukinzani bila kugonga. Vuta fimbo za silinda zote nje, ukipitisha kucha na ikakwama kwenye mkwaruzo hiyo sili itavuja ndani ya wiki. Na kama kibati chenye uzito, ujazo na presha hakipo, mwambie muuzaji aipime kwenye mizani mbele yako kabla hamjaongea bei, maana bila uzito huo ile hesabu ya hatua ya 2 huwezi kuifanya.